Pale Kwenye Neno Mlima

Gereji ya Sufiani,
Mwembesongo, Morogoro.
8 Juni 2025

Mjomba Benedikto,

Shikamoo. Habari za Kinole, habari za kwaya, habari za lile goti? Mimi mzima, ila situlii.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Lakini kwenye simu mimi na wewe tunasalimiana vizuri, kisha tunagombana. Tangu tumzike mama mwaka jana hatujamaliza mazungumzo hata mara moja. Basi nimeandika, nampa Mikidadi akirudi huko na gari lake la machungwa, na ukikasirika utakuwa umeikasirikia karatasi.

Naomba wimbo wa mama. Ule aliotunga mwenyewe, "Mlima Hauishi". Ubeti wa kwanza ninao: Nimepanda, Bwana, na mlima hauishi, mzigo ni wangu, miguu ni yako. Wa pili ninao: Nimeita, Bwana, na bonde limeitika, sauti ni yangu, pumzi ni yako. Wa tatu sina. Alipokuwa wodini nilimwomba, akasema nitakuimbia nikipata nguvu. Hakupata.

Nautaka kwa ajili ya bendi. Ndiyo, mjomba, bendi. Tuko watatu: mimi gitaa na sauti, Zuleha besi, na Sufiani mwenye gereji anapiga ngoma. Tunaitwa Moshi Mweusi. Usicheke.

Mpwa wako,
Witness


Kinole,
15 Juni 2025

Mpwa wangu Witness,

Marahaba. Goti linauma. Asante kwa kuuliza, wewe ni mtu wa kwanza mwaka huu.

Bendi yako nimeshaiona. Usidhani huku tumelala. Mikidadi alinionyesha kwenye simu yake tukiwa tunapakia machungwa, na watu wanne wakachungulia. Nimekuona umesimama juu ya tairi la Fuso, umefumba macho, unapiga kelele kama mtu aliyeangukiwa na jiwe mguuni. Gitaa linakwaruza. Na huyo fundi wako anapiga ngoma kama anafukuza nyani shambani. Nikamwambia Mikidadi, huyu si wa kwetu. Akanijibu, mwalimu, mbona ana mdomo wako? Ovyo kabisa, yule mtu.

Sasa sikiliza. Wimbo ule ni wa kwaya. Miaka ishirini na sita nimefundisha kwaya ya kigango hiki kwa nota, d, r, m, yaani do, re, mi, ubaoni, kila Alhamisi, watu wakitoka shamba na matope miguuni. Siwezi kuutoa ukapigiwe kwenye mafuta machafu na betri mbovu.

Jumamosi tarehe 30 Agosti tunaweka msalaba kwenye kaburi la mama yako. Padre amekubali kuja. Wewe ndiye mtoto wake pekee, wewe ndiye utakayeubeba msalaba toka nyumbani hadi kaburini, na kwaya itauimba wimbo wake pale. Niahidi kwamba hautaingia gerejini, nami nitakuandikia nota na ubeti wa tatu. Ukishindwa kuahidi, utausikia siku hiyo kama watu wengine.

Mjomba wako,
Benedikto


Mwembesongo,
24 Juni 2025

Mjomba,

Shikamoo. Siahidi.

Usiichane kwanza, nisikilize. Mimi siwezi kukaa. Nikilala miguu inacheza, nikiamka namkorofisha Zuleha, nikienda sokoni nasahau nilichofuata. Tangu mama afariki niko hivyo. Kitu pekee kinachonituliza ni pale gerejini, gitaa likiwa limefunguliwa mpaka mwisho na mabati ya paa yanatetemeka.

Kuna mteja alileta gari akasahau flashi kwenye redio. Tukaifungua. Folda ya kwanza, nyimbo za zamani za Wamarekani weusi, za dini. Folda ya pili, bluzi: mzee mmoja na gitaa lake, anaimba kama yuko kwenye litania, kumbe anamlilia mke aliyemkimbia. Folda ya tatu, vijana wanapiga gitaa ovyo ovyo, haraka, kama wamefungiwa chumbani na wanataka kuvunja mlango. Panki. Sufiani akasikiliza zote tatu huku kashika spana, akasema, oya, hawa wote wana ugonjwa mmoja. Mimi nikakaa chini kwenye sakafu yenye grisi nikalia, maana huo ugonjwa naujua. Mama alikuwa nao akijiimbia huku akichambua iliki.

Na kuna jambo lingine, mjomba, ambalo sijawahi kulisema. Nimekua pale Kinole nikisikia sentensi moja. Mama yako alikuwa na sauti, we acha tu! Halafu wanamalizia: akaacha kuimba kanisani alipokubeba wewe. Wamama mtoni walisema. Katekista alisema. Nilikuwa na miaka sita. Nikawa namwangalia mama, nikifikiri mimi ndiye niliyeizima ile sauti kwa kuzaliwa tu. Hadi leo nafikiri hivyo. Sasa nataka niirudishe, kwa njia ninayoiweza. Njia yangu ina kelele. Nisamehe kwa hilo, lakini usininyime.

Witness


Kinole,
3 Julai 2025

Mpwa wangu,

Marahaba.

Nota hii hapa nyuma ya karatasi, sauti ya kwanza, na ubeti wa tatu:

Nikianguka, Bwana, usinyooshe njia,
nyoosha mkono tu, mlima ni wako.

Ahadi siitaki tena. Uimbe kama ilivyoandikwa, usiongeze, usipunguze.

Yale mengine ya mama yako na kuacha kuimba, yaache yalale. Watu husema mengi. Huku mvua imeharibu karafuu kidogo.

Benedikto


Mwembesongo,
16 Julai 2025

Mjomba,

Shikamoo. Asante kwa ubeti. Nilipousoma nilimsikia mama kabisa, ule ubishi wake wa kumwambia hata Mungu namna ya kusaidia.

Lakini nota zako hazina uhai. Tumezipiga siku tatu. Tumezipiga polepole, tumezipiga mbio, Zuleha kabadilisha nyuzi, wapi. Sufiani, ambaye wimbo huu hajawahi kuusikia maishani mwake, akasimamisha ngoma akasema: hapa pameshanyooshwa. Nikamuuliza wapi. Akasema hapo kwenye "mlima". Gari lililogonga mti likanyooshwa bodi, fundi mwenzako akipitisha kiganja anajua.

Akanikumbusha. Mama alipofika kwenye neno "mlima", sauti ilishuka mahali ambapo kwenye gitaa langu hapapo. Ukibonyeza huku ni juu mno, ukibonyeza kule ni chini mno. Nikavuta waya kwa kidole mpaka ukalia, nikapapata. Mjomba, ni palepale pa yule mzee wa bluzi! Palepale! Wewe umeandika "m", safi, imenyooka, kama watoto wa shule. Mama anasema usinyooshe njia, wewe umenyoosha.

Nilifikiri umesahau. Lakini Jumapili tulikwenda kupiga Mikese, pale malori yanapopumzika. Madereva walikaa kwenye kivuli cha matela, wengine wanacheka, wengine wametoa macho. Tulipoanza "Mlima Hauishi", akatoka mama mmoja kwenye kibanda cha chakula, mwiko mkononi, unadondosha mchuzi. Akasimama mbele yangu akaimba. Akafika pale kwenye neno "mlima", akashuka kama mama. Nikaacha kupiga, nikamsikiliza.

Anaitwa Irene. Aliimba kwaya yako. Nikamwambia mimi ni mtoto wa Filomena, akanishika uso kwa mikono miwili yenye vitunguu. Akasema, mimi ndiye niliyepewa nafasi ya mama yako. Nikamwambia najua, alipopata mimba yangu. Akasema, mimba gani? Mama yako alitolewa baada ya mashindano ya kwaya, Oktoba 2003. Kamuulize mjomba wako.

Mimi nimezaliwa Desemba 2004. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu.

Basi nakuuliza, mjomba.

Witness


Mwembesongo,
2 Agosti 2025

Mjomba,

Shikamoo.

Mikidadi ameapa kwamba barua alikupa mkononi, ukaisoma umesimama, ukaiweka mfukoni, ukaenda zako bila kumuaga. Wiki mbili zimepita.

Kama hujibu, mtafute mtu mwingine wa kubeba msalaba. Sitabeba msalaba wa mama yangu nikiwa nyuma ya mtu anayenificha habari zake.

Witness


Kinole,
13 Agosti 2025

Mpwa wangu Witness,

Marahaba, ingawa najua salamu ile uliiandika kwa meno.

Barua hii nimeianza mara tano. Nitaandika moja kwa moja.

Mwaka ule kwaya zilishindana mjini. Zawadi ilikuwa kinanda. Sisi tulikuwa tunaimba kwa mdomo mtupu, na mimi kinanda nilikitamani hata nikawa nakiota. Wimbo wetu ulikuwa wa mama yako. Mimi niliutia nota. Kila Alhamisi akifika pale kwenye "mlima" anapinda, namsimamisha, namwambia Filomena, m, ananiimbia m. Nikigeuka anapinda tena. Akaniambia, kaka, mlima haukai pale unapotaka wewe. Nikaona ananidharau mbele ya watu.

Siku ya mashindano akaimba kwa njia yake. Mwamuzi alipotoa maoni, alisema mbele ya kwaya tisa kwamba mwimbaji wetu kiongozi hajui kusimama kwenye sauti. Watu wakacheka. Tukawa wa pili. Kinanda kikaenda kwingine.

Alhamisi iliyofuata nilimwita mbele. Nikamwambia arudi nyuma, nafasi yake ataishika Irene, na yeye atairudia siku atakayojifunza kusoma nota. Hakubisha. Alikunja karatasi yake akaiweka kwenye benchi, akatoka. Hakurudi tena kwenye kwaya. Nilingoja aje kuomba, na nadhani na yeye alingoja hivyo hivyo.

Baada ya miezi kadhaa akapata mimba yako, na baba hakuonekana. Watu wakaunganisha wenyewe. Wakasema aliacha kwa sababu ya mimba. Mimi nilisikia, Witness. Nilisikia mara mia. Ingetosha kufungua mdomo mara moja. Lakini ile ilinifaa, nikanyamaza, na wewe ukakua chini ya uongo wangu. Sikujua ulikuwa unaubeba. Nilipoisoma barua yako ya Juni nilitoka nje nikashindwa kurudi ndani.

Utauliza kwa nini mama yako hakukwambia. Nilimuuliza mwenyewe, siku nne kabla hajafa. Alisema: kwetu mtoto ni wa mjomba wake. Huyu baba hana. Nikimwambia, akakuchukia, atabaki na nani?

Ndivyo alivyosema. Mimi nimelia kwa ajili ya kinanda, yeye akanitunzia wewe.

Msalaba uko tayari, seremala ni Tomasi. Usije kwa ajili yangu.

Benedikto


Mwembesongo,
20 Agosti 2025

Benedikto,

Utaona hapo juu sijaandika shikamoo. Nimejaribu, mkono umekataa.

Barua yako niliichana. Zuleha akaokota vipande akavibandika kwa selotepu, akasema utavitaka. Nimemmwagia hasira yote, masikini, hana kosa. Sufiani kaniambia nipige gitaa, nimepiga mpaka waya mbili zimekatika na jirani kaja kugonga geti.

Miaka ishirini! Nilikuwa namwomba mama msamaha kimoyomoyo kila nikimsikia akinyamaza. Kwa ajili ya kinanda! Nakasirika na wewe, nakasirika na yeye kwa kukutunza, kisha nakumbuka alikutunza kwa ajili yangu, nakasirika upya. Nazunguka gereji nzima kama kuku aliyepotelewa na vifaranga.

Nitakuja. Nakuja kwa mama, sikiliza vizuri, na nakuja na Zuleha, Sufiani, gitaa na spika. Pale kaburini Padre akimaliza sala zake, wimbo utapigwa kwa njia ya mama, pamoja na kelele zetu zote. Kwaya iimbe na sisi. Na wewe uongoze. Mkono wako ukipanda pale kwenye "mlima" kuinyoosha, naweka gitaa chini, nabeba mama yangu moyoni narudi mjini, na hutaniona tena.

Witness


Kinole,
25 Agosti 2025

Witness,

Nimekubali. Nimeongea na Padre, amesema baada ya baraka kaburini watu huimba wanavyoimba. Jenereta Mikidadi analo.

Jana niliwaita kwaya nikawaambia kila kitu, nimesimama palepale niliposimama mwaka ule. Nikawaambia tutaanza kujifunza wimbo upya, mle ndani ya "mlima" sauti inashuka, itachukua muda, muwe na subira. Nikainua mkono. Wakaimba.

Wakaimba kama yeye, Witness. Wote, mara ya kwanza, hata wale wasichana waliozaliwa baada yako. Nikasimamisha, nikauliza nani amewafundisha. Mwisho mama Petro akasema, mwalimu, sisi huko shambani tunaimba hivi siku zote. Tukija hapa ndiyo tunakuimbia ile yako.

Miaka ishirini na miwili. Mlima mzima unajua, isipokuwa mimi na ubao wangu.

Nota mpya nakutumia. Pale kwenye "mlima" nimejaribu m, nimejaribu ile nusu iliyo chini yake. Zote mbili si kweli. Nota haina herufi ya pale. Nimeacha nafasi. Ukifika hapo usisome.

B.


Mwembesongo,
7 Septemba 2025

Mjomba,

Tangu turudi nimekuwa nalala. Zuleha anadhani naumwa. Nalala tu, miguu imetulia.

Nataka kuandika ya siku ile kabla sijaanza kuyapamba. Msalaba ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani, bega bado lina alama. Sufiani kakanyaga upupu, akapiga ngoma nzima anajikuna, na watu wakasema kijana ana moto. Katekista alipoona spika inawekwa jirani na makaburi alifunga macho akaomba, sijui aliomba nini. Wamama wa kwaya wakavua viatu. Hayo yote nayakumbuka vizuri.

Nilianza vizuri pia. Gitaa likakwaruza, kwaya ikaingia juu yake, nikasikia kile nilichokuwa natafuta mwaka mzima, kanisa na gereji kwenye pumzi moja. Ubeti wa kwanza tukapita, wa pili tukapita. Wa tatu, "nyoosha mkono tu", nikajua sasa inakuja. Kwaya iliniachia mimi lile neno, wakaningoja. Spika inanguruma peke yake. Nikaangalia udongo wa mama, sauti hakuna.

Nikakuangalia wewe. Mkono wako ulikuwa juu. Nikasema kimoyomoyo, anainyoosha. Kisha ukaushusha mkono chini kabisa, ukaimba.

Mjomba, sikuwahi kukusikia ukiimba peke yako. Sauti yako mbaya kweli, imekwaruza kuliko gitaa langu. Lakini "mlima" ukauweka palepale. Hukutafuta, hukupapasa. Palepale pa mama. Kumbe ulikuwa nayo! Miaka yote hiyo unaifuta ubaoni, ndani unayo. Nilitaka kukupiga na nilitaka kukukumbatia, na mikono ilikuwa imeshika gitaa, ndiyo maana nilipiga vile mpaka jenereta likazima.

Hatukusemezana baadaye. Watu walikuwa wengi, na ubwabwa ulikuwa unapoa. Nikaondoka na gari la jioni bila kukuaga.

Nota yako nimeibandika ukutani, juu ya meza ya spana. Jana mteja akauliza mbona karatasi ina nafasi wazi katikati. Nikamwambia pametosha hivyohivyo.

Sijasahau kitu hapo juu. Nilikuwa naingoja itoke yenyewe, na sasa imetoka.

Shikamoo, mjomba.

Witness


Kinole,
11 Septemba 2025

Marahaba, mwanangu.

Mjomba wako,
Benedikto